Maswali ya wasomaji: Antioksidanti na tishu ya ovari iliyogandishwa

Katika toleo lililopita nilieleza kwa ufupi jinsi mwanamke anayekabiliwa na tibakemikali au mionzi anavyoweza kutolewa sehemu ya ovari, tishu hiyo ikagandishwa, na baada ya kupona akarudishiwa mwilini ili apate tena hedhi na ujauzito. Sentensi moja niliyoiandika humo, kwamba watafiti wanajaribu kuilinda tishu hiyo kwa antioksidanti (vitu kama vitamini E na C vinavyozuia uharibifu wa kikemikali ndani ya seli), ndiyo iliyoleta barua nyingi kuliko makala yote. Nimechagua tano. Nimeondoa majina na kufupisha maelezo.

Mama wa binti, Morogoro: *Daktari, salaam. Binti yangu ana miaka 22, na mwezi huu amegundulika kuwa na saratani ya tezi za limfu aina ya Hodgkin. Tumeelezwa kwamba dawa zinaweza kuharibu mayai yake na kwamba ziko hospitali za nje zinazotoa kipande cha ovari na kukigandisha kabla ya matibabu. Shemeji yangu, ambaye ana duka la dawa, amesoma kwamba antioksidanti huilinda tishu hiyo, na tayari ametuletea vidonge vikali vya vitamini E na C, unga wa mlonge na rosela iliyokaushwa. Je, tumpe sasa ili ovari ziwe imara kabla ya kutolewa, na aendelee navyo akiwa kwenye dripu?*

Mama, pole sana kwa mtihani huu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kumpa. Jibu langu ni hapana: usimpe vidonge hivyo, si kabla ya upasuaji wala wakati wa dripu, mpaka daktari wake wa saratani aridhie. Nitakueleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa shemeji yako amesoma jambo la kweli, ila linahusu mahali pengine.

Antioksidanti zinazotajwa katika tafiti hizi, kwa sehemu kubwa, hazimezwi na mgonjwa. Mtaalamu wa maabara huzichanganya, kwa kipimo alichokihesabu kwa uangalifu mkubwa, ndani ya kimiminika ambamo vipande vya ovari huloweshwa kabla ya kugandishwa au wakati wa kuyeyushwa. Kile kipande hukutana na dawa moja kwa moja. Vitamini iliyomezwa hupita tumboni, huchakatwa na ini na kusambazwa mwili mzima, na kiasi kinachoifikia ovari hakilingani na kile kilichopimwa kwenye chombo cha maabara. Isitoshe, vitamini E kwa kiwango kikubwa huweza kuchelewesha damu kuganda, na binti yako anajiandaa kwa upasuaji.

Hatari kubwa zaidi ni ya wakati wa dripu. Mchanganyiko wa dawa unaotumika sana kwa limfoma ya Hodgkin huitwa ABVD, nao una dawa nne: doksorubisini, bleomisini, vinblastini na dakabazini. Bleomisini huua seli za saratani kwa kuzalisha radikali huru za oksijeni zinazokatakata DNA, na doksorubisini nayo hufanya sehemu ya kazi yake kwa njia hiyo hiyo. Radikali huru ni molekuli zilizopungukiwa na elektroni, ambazo hunyang'anya elektroni kwa jirani yeyote zinayemkuta. Antioksidanti ni kitu kinachozipa elektroni hiyo na kuzituliza kabla hazijadhuru. Mgonjwa anayejaza antioksidanti mwilini huku dripu inaingia anaweza kuwa anaipokonya dawa silaha yake, na seli ya saratani haikatazwi kujikinga kwa kitu kile kile kinachoikinga seli ya ovari.

Wala tusidhani kwamba vidonge hivi, kwa kuwa vinaitwa vitamini, haviwezi kudhuru. Nchini Ufini wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waligawanywa kwa bahati nasibu wapewe vitamini E, beta-karotini, vyote viwili, au vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1994 yalionyesha kwamba saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18 kwa waliopewa beta-karotini. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa Marekani uliojulikana kama SELECT ulionyesha ongezeko la asilimia 17 la saratani ya tezi dume kwa waliokunywa vitamini E ya yuniti 400 kila siku. Tafiti zote mbili zilianzishwa na watu waliotumaini kwamba antioksidanti zingezuia saratani.

Mlonge ukipikwa kama mboga na rosela ikinywewa glasi moja ni chakula, na binti yako anahitaji kula vizuri. Unga uliokolezwa na kumezwa kwa vijiko kila asubuhi ni kitu kingine, na daktari wake anapaswa kuambiwa.

Sasa niseme lililo muhimu kuliko vidonge vyote, nalo ni muda. Muulize daktari wa saratani, kesho kama inawezekana, ni mchanganyiko gani wa dawa atakaopewa. ABVD peke yake huzidhuru ovari kidogo kuliko michanganyiko mikali zaidi, na kuliko dozi kubwa zinazotolewa kabla ya kupandikiza uloto. Wapo wasichana wengi waliotibiwa kwa ABVD ambao hedhi yao ilirudi yenyewe. Vigezo vya kuamua nani agandishiwe tishu, vilivyowekwa Edinburgh, Uskoti, katika miaka ya 1990, ambavyo vituo vingi bado vinavifuata, vinataka mgonjwa awe na umri wa chini ya miaka 35, awe na matumaini ya kweli ya kuishi miaka mitano au zaidi, na hatari ya ovari zake kushindwa kufanya kazi iwe kubwa, yaani zaidi ya nusu. Ikiwa hatari ya binti yako ni ndogo, huenda safari ya nje isihitajike. Ikiwa ni kubwa, tishu hutolewa kwa upasuaji wa matundu madogo bila kusubiri siku za hedhi, na matibabu huweza kuanza baada ya siku chache. Kugandisha mayai yenyewe huhitaji takribani majuma mawili ya sindano za homoni, muda ambao baadhi ya wagonjwa hawana.

Na ujue kwamba mwanamke wa kwanza aliyeripotiwa kujifungua baada ya kurudishiwa tishu yake iliyogandishwa alikuwa mgonjwa wa Hodgkin kama binti yako. Tishu yake iligandishwa mjini Brussels mwaka 1997 kabla ya tibakemikali, akarudishiwa mwaka 2003, na mtoto akazaliwa Septemba 2004 chini ya uangalizi wa Profesa Jacques Donnez na wenzake.

Mwanafunzi wa sayansi ya maabara, Nairobi: *Uliandika kwamba tishu huhifadhiwa kwenye naitrojeni kimiminika katika nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri, ambako shughuli zote za seli husimama. Kama kila kitu kimesimama, antioksidanti inalinda nini? Na kama kweli inasaidia, kwa nini isiwekwe tu kila mahali?*

Swali lako la kwanza limegusa kiini cha mambo, nami nitalijibu kwa kufuata safari ya kile kipande. Ndani ya tangi la naitrojeni antioksidanti haina kazi yoyote. Kazi yake iko kwenye njia ya kuingia humo, kwenye njia ya kutoka, na zaidi ya yote katika siku za kwanza baada ya tishu kurudishwa mwilini.

Safari inaanza pale daktari wa upasuaji anapoikata ovari na damu ikakoma kuifikia. Kuanzia dakika hiyo tishu haina oksijeni mpya, nayo hutumia akiba yake ya nishati hadi inapungua. ATP, molekuli inayobeba nishati hiyo, inavunjwavunjwa, na mabaki yake, hasa hipozanthini, hulundikana ndani ya seli. Tishu huwekwa kwenye kimiminika baridi ili mahitaji yake yapungue. Denmark wamezoea kuisafirisha kwenye barafu hadi maabara kuu ya Copenhagen kwa muda wa saa nne au tano, na Ujerumani ziko hospitali zinazoituma kwa usiku mzima hadi kwenye benki za tishu zinazohudumia mikoa mingi. Hapo ndipo wazo la kuweka antioksidanti katika kimiminika cha safari linapoanza kuwa na maana.

Katika maabara, ovari huwekwa kwenye sahani baridi, na mtaalamu huikwangua kwa kisu cha upasuaji kutoka upande wa ndani, akiondoa nyama nyekundu ya katikati mpaka libaki gamba jeupe lenye unene wa takribani milimita moja. Folikili changa, zile zenye yai lililolala, ziko kwenye gamba hilo, na unene unapunguzwa ili dawa za kukinga barafu zipenye hadi ndani. Gamba hukatwa vipande vinavyokaribia ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, kila kimoja hutiwa ndani ya kichupa chake chenye dawa hizo, ambazo mara nyingi ni DMSO au ethileni glikoli, na mashine huanza kupunguza joto kwa nyuzi mbili kila dakika. Inapofika kama nyuzi saba chini ya sifuri mashine husimama, mtaalamu huchovya koleo kwenye naitrojeni kimiminika na kuligusisha ubavuni mwa kichupa, na papo hapo doa jeupe la barafu hutokea pale lilipogusa na kuanza kusambaa taratibu. Barafu hiyo imeanzishwa kwa makusudi, nje ya seli, ili maji ya ndani ya seli yavutwe nje badala ya kuganda humo humo na kuzipasua. Kisha joto hushuka kwa nyuzi 0.3 tu kila dakika hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, halafu kwa kasi zaidi, na mwisho kichupa huzamishwa kwenye naitrojeni.

Katika hatua zote hizo seli hupungukiwa maji, chumvi za ndani hukolea, na mitokondria, ambayo ndiyo mitambo ya nishati ya seli, huvurugika na kuvujisha radikali huru. Radikali hizo hushambulia mafuta yaliyomo kwenye utando wa seli, na kinachotokea hapo ni kile kile kinachoyatokea mafuta ya alizeti yaliyoachwa wazi juani hadi yakachacha: molekuli moja ya mafuta ikishaharibika huiharibu ya pili, na ya pili huiharibu ya tatu. Watafiti hukipima kiwango cha uharibifu huo kwa kupima malondialdehaidi, ambayo ni mabaki ya mafuta yaliyochacha kwa namna hiyo. Vitamini E, ambayo huyeyuka kwenye mafuta, hujipenyeza ndani ya utando na kuukata mnyororo huo. Vitamini C, ambayo huyeyuka kwenye maji, huipa vitamini E nguvu mpya baada ya kutumika. N-asetilisisteini, ambayo wahudumu wa hospitali wanaifahamu kama dawa ya mtu aliyezidisha parasetamoli, huipa seli malighafi ya kutengeneza glutathioni, kinga yake ya asili. Melatonini hupita kwenye mafuta na kwenye maji pia, na ndiyo maana imejaribiwa mara nyingi. Hata DMSO yenyewe, inayotumika kuzuia barafu, ina uwezo wa kunasa radikali ya haidroksili, ingawa wengi huitazama kama dawa ya barafu tu.

Lakini ningependa ulikumbuke jambo lifuatalo kuliko majina hayo yote. Mwaka 1999 Baird na wenzake huko Uskoti walichapisha hesabu waliyoifanya kwa kondoo, mnyama ambaye gamba la ovari yake linafanana sana na la binadamu. Kugandisha na kuyeyusha kuliua takribani asilimia 7 tu ya folikili changa, ilhali takribani asilimia 65 zilikufa baada ya kupandikizwa, kwa kukosa damu. Tishu inayorudishwa huwa haina mshipa hata mmoja uliounganishwa. Hubandikwa tu mahali pake na kusubiri mishipa midogo iote na kuifikia. Vipimo vya oksijeni vilivyofanywa Brussels kwa tishu ya binadamu iliyopandikizwa ndani ya panya vilionyesha kwamba kwa takribani siku tano za mwanzo tishu hiyo hukaa katika upungufu mkubwa wa oksijeni.

Na damu inapowasili, neema yenyewe huja na madhara. Ile hipozanthini iliyolundikana hukutana na oksijeni mpya, kimeng'enya cha zanthini oksidesi huichakata, na radikali za superoksidi hutoka kwa wingi kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo mtafiti anayeweka antioksidanti kwenye kimiminika cha kugandishia peke yake anaulinda mlango mdogo. Mwaka 1998 Nugent na wenzake walionyesha, kwa panya waliopandikizwa ovari, kwamba vitamini E ilipunguza kuchacha kwa mafuta ya seli na kuokoa folikili nyingi zaidi, na tangu wakati huo majaribio ya wanyama yamerudia wazo hilo kwa melatonini, N-asetilisisteini na dawa nyinginezo, mengine yakimtibu anayepokea tishu, si tishu peke yake. Mimi naamini huko ndiko utafiti unakopaswa kuelekezwa kwa nguvu zaidi, sambamba na kazi ya kuharakisha mishipa ya damu, kwa sababu kila saa inayopunguzwa katika zile siku tano ni folikili zilizookolewa bila kuhitaji antioksidanti yoyote.

Kwa nini basi isiwekwe kila mahali? Kwanza, kwa sababu kipimo kinageuza tabia. Vitamini C ikizidi mahali penye madini ya chuma yaliyo huru, huyachochea yazalishe radikali ya haidroksili, iliyo kali kuliko zote, yaani inafanya kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Pili, radikali huru kwa kiasi kidogo ni ujumbe ambao seli huutumia: kuota kwa mishipa mipya kunauhitaji, na kupevuka kwa yai na kuachiliwa kwake pia kunauhitaji, hivyo kuzifuta zote ni kuinyamazisha tishu wakati inapojaribu kuita damu. Tatu, ushahidi tulio nao ni wa panya, kondoo, ng'ombe na vipande vya tishu ya binadamu vilivyopimwa maabara, ambako mafanikio huhesabiwa kwa folikili zilizoonekana nzima kwenye darubini. Hakuna jaribio la bahati nasibu kwa wanawake lililoonyesha kwamba kuongeza antioksidanti kumezaa watoto wengi zaidi. Kama unatafuta mada ya utafiti wa shahada ya pili, machinjio ya karibu nawe yanaweza kukupa ovari za ng'ombe na mbuzi kila asubuhi, na swali la kipimo sahihi katika kimiminika cha safari bado linahitaji watu wavumilivu.

Dada wa mgonjwa, Kampala: *Ndugu yangu ana saratani ya damu, na kipande cha ovari yake kimehifadhiwa. Je, antioksidanti zinaweza kuisafisha tishu hiyo ili seli za saratani zisirudi mwilini?*

Haziwezi. Antioksidanti haichagui, itailinda folikili na itailinda seli ya saratani iliyojificha kando yake. Katika saratani ya damu hatari hiyo ni ya kweli, kwa sababu seli za ugonjwa husafiri na damu hadi ndani ya ovari, na watafiti wamezikuta kwenye tishu zilizohifadhiwa. Ndiyo sababu madaktari wengi husita kuirudisha tishu ya mgonjwa wa saratani ya damu, hasa iliyotolewa kabla ya tibakemikali, mpaka ipimwe kwa vipimo vya DNA vinavyoweza kuona idadi ndogo sana ya seli. Tishu ya ndugu yako isitupwe. Ziko maabara zinazojaribu kukuza folikili nje ya mwili hadi yai lipevuke, na tishu iliyogandishwa inaweza kusubiri.

Msomaji aliyeko Aarhus, Denmark: *Nina miaka 35. Tishu yangu iligandishwa nikiwa na 29 kabla ya matibabu ya saratani ya matiti, na sasa nimepangiwa kurudishiwa. Nimesoma kuhusu melatonini na vitamini E, nami ninaweza kuviagiza mtandaoni. Nianze lini?*

Usianze kwa siri, dada yangu. Nakuelewa kabisa: umesubiri miaka sita na unataka kufanya kitu kwa mikono yako mwenyewe. Melatonini ina hoja nzuri nyuma yake, kwa kuwa mwili wenyewe huizalisha usiku na huonekana kwa wingi ndani ya maji ya folikili inayokaribia kupevuka, na panya waliopewa melatonini walipopandikizwa ovari walihifadhi folikili zaidi. Lakini kati ya panya na wewe kuna dozi isiyojulikana, na kuna historia ya saratani ya matiti, ambayo huenda imekuacha ukitumia dawa za homoni au ukiwa umezisimamisha kwa muda ili ubebe mimba. Peleka chupa yenyewe kwa timu itakayokupandikiza, waisome lebo, waamue wao. Kama kituo chako kina utafiti unaoendelea kuhusu jambo hili, kujiunga nao kunakupa dawa iliyopimwa na macho ya watu wanaokufuatilia, na kunawapa wanawake watakaokufuata jibu ambalo wewe hukulipata.

Yapo mambo yaliyo mikononi mwako bila ruhusa ya mtu. Kama unavuta sigara au shisha, acha sasa, kwa sababu moshi hubana mishipa midogo ya damu na kuongeza radikali huru, na kile kipande kitakachobandikwa kwenye ovari yako hakitakuwa na kitu kingine cha kukitegemea isipokuwa mishipa hiyo. Uliza watakupandikizia wapi na kwa vipande vingapi, na kama vitabaki vingine kwa mara ya pili. Wengi hawapandikizi vyote kwa pamoja, nami naona ni busara.

Usikate tamaa kama miezi mitatu itapita kimya. Folikili iliyolala huchukua miezi kadhaa kukua, hivyo hedhi hurejea mara nyingi kati ya mwezi wa nne na wa sita. Baada ya hapo tishu hufanya kazi kwa miaka kadhaa, mara nyingine zaidi. Ujue pia kwamba si folikili zote zinazopotea huuawa na radikali huru: nyingine huamshwa zote kwa wakati mmoja na ule mshtuko wa kukatwa na kupandikizwa, zikaanza kukua ovyo na kuisha mapema, na hilo halizuiliwi na antioksidanti. Hii ndiyo sababu nyingine ninayokusihi usiweke matumaini yako yote kwenye chupa moja. Watoto waliozaliwa kwa njia hii duniani wameshapita 200, na Denmark ni miongoni mwa nchi zilizochangia wengi; walio wengi walipatikana bila mama zao kumeza chochote kati ya ulivyovitaja.

Baba wa mtoto, Kilifi: *Binti yangu ana miaka 11, ana selimundu, na kaka yake amepatikana kuwa anafanana naye kwa uloto. Tunaambiwa dawa za kuandaa upandikizaji zitamwondolea uwezo wa kuzaa. Hajaanza hedhi. Je, ovari ya mtoto mdogo hivyo ina faida yoyote ikigandishwa? Na baada ya miaka 15 zile dawa za kulinda tishu hazitakuwa zimeisha nguvu?*

Mzee wangu, nianze na la pili kwa kuwa ni jepesi. Dawa huisha nguvu pale tu kemia inapoendelea, na katika nyuzi 196 chini ya sifuri kemia haiendelei kwa kiwango chochote cha kuhesabika katika umri wa binadamu. Antioksidanti iliyowekwa leo, kama imewekwa, itakutwa vile vile siku ya kuyeyusha. Kinachoweza kuiharibu tishu ni uzembe wa binadamu, tangi lisipojazwa naitrojeni au lebo ikichanganywa, na kwa hiyo muulize atakayeitunza ni nani anayekagua matangi, kwa utaratibu gani, na kama vipande vimegawanywa katika matangi mawili tofauti.

La kwanza lina mfano unaokuhusu moja kwa moja. Msichana aliyezaliwa Kongo-Brazzaville na kugundulika kuwa na selimundu akiwa na miaka mitano alihamia Ubelgiji akiwa na miaka 11. Madaktari walipoamua kumpandikiza uloto kutoka kwa kaka yake, walimtoa kwanza ovari ya kulia na kuigandisha vipande vipande. Alikuwa na miaka 13 na miezi 11, hedhi ikiwa bado. Ovari iliyobaki ilishindwa kufanya kazi, akawa anatumia homoni za kutibu upungufu huo. Miaka kumi baadaye aliomba mtoto, vipande vikarudishwa, hedhi ikaja baada ya miezi mitano, akashika mimba bila msaada wa maabara, na Novemba 2014 akajifungua mtoto wa kiume mjini Brussels akiwa na miaka 27. Mwanamke mwingine, wa Dubai, ambaye alikuwa na thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, alitolewa ovari mjini Leeds mwaka 2001 akiwa na miaka tisa tu, na mwaka 2016 akajifungua London, yeye kwa njia ya kurutubisha yai nje ya mwili.

Ovari ya mtoto ina folikili nyingi sana zilizolala, nyingi kuliko ya mwanamke mzima, na kwa sababu ni ndogo madaktari kwa kawaida huitoa moja nzima badala ya kuchukua kipande. Kugandisha mayai hakuwezekani kwake kwa kuwa hayajaanza kupevuka, hivyo hakuna njia nyingine iliyo wazi ya kuhifadhi mayai yake mwenyewe. Upandikizaji wa uloto kwa watoto wenye selimundu umeanza kufanyika katika ukanda wetu, ikiwemo Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, na kwa maoni yangu kila mzazi anayeketi kwenye kikao cha kwanza cha upandikizaji anastahili kuambiwa habari ya uzazi siku hiyo hiyo, kabla tarehe ya dawa haijapangwa. Binti naye aelezwe kwa lugha ya umri wake. Ovari ni yake, na siku ya kuitumia au kutoitumia itakuwa uamuzi wake.

Jambo moja la kitabibu usiliache. Mtoto mwenye selimundu akipewa dawa ya usingizi anaweza kupata maumivu makali au matatizo ya kifua ikiwa atapungukiwa maji, oksijeni au joto la mwili, na mara nyingine huongezewa damu kabla ya upasuaji ili kupunguza hatari hiyo. Omba madaktari wa uloto na wa upasuaji wazungumze, ili ovari itolewe wakati ule ule wa kuwekewa mrija wa dawa kifuani, naye alazwe usingizi mara moja tu.